Jibu: Miche ya saladi inarefuka na kulala

Ndugu, umeuliza kwa nini miche ya saladi uliyoipanda dirishani inarefuka kama uzi kisha inalala, na kama kweli mtu anaweza kuvuna mboga ndani ya nyumba mwaka mzima. Anaweza, ila mara nyingi dirisha peke yake halitoshi. Urefu huo si afya, mche unautafuta mwanga.

Funga taa nyeupe ya LED sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, iwake kwa saa 14 kila siku, kisha uizime. Miche ikipanda, nawe pandisha taa. Ukiwa na feni ndogo, iwashe taratibu, maana shina linalotikiswa hukomaa likawa imara.

Halafu maji. Hapa ndipo wengi tunapoua mimea kwa kuipenda mno! Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza. Kikitoka na unyevu, usimwagilie. Ukiona vijidudu vyeusi vinarukaruka juu ya udongo, ujue umezidisha. Na kopo lazima liwe na matundu chini.

Ili usikose mboga, sia mbegu chache kila baada ya wiki 2. Saladi uichume majani ya nje, uache moyo wake, itachipua tena. Nyanya zinataka mwanga mwingi zaidi, na kwa kuwa ndani hakuna upepo wala nyuki, gongagonga maua kwa kidole ili chavua, ule unga wa maua unaofanya yazae, idondoke. Hiyo miche iliyokwisha kulala usihangaike nayo, sia mingine leo.