Kioo kinapasuka nje ya mstari: usinunue kisu kingine

Mkuu, umesema umeshabadilisha visu vitatu vya kukatia vioo, na bado kila ukifika kwenye bonde, pale ukingo unapopinda kuingia ndani, la lile jani la kijani kwenye picha yako ya vipande vya vioo vya rangi, kioo kinapasuka kinakotaka chenyewe. Usinunue cha nne. Nilihangaika na jambo hilohilo karibu mwaka mzima, na visu vyangu havikuwa na kosa lolote.

Nilikuwa nakata kioo kama mtu anayekata mbao. Kile kigurudumu cha kwenye ncha ya kisu kinaacha mchubuko mwembamba juu tu, kazi yote inamaliziwa na ufa. Mimi nikiona mstari hauonekani vizuri, narudia juu yake mara ya pili, ya tatu, nakandamiza zaidi. Kumbe kila nikirudia nazalisha vijiufa vinavyoelekea huku na huku, na ufa mkubwa ukija unafuata wowote unaoupenda. Kigurudumu nacho kinakuwa butu.

Fundi mmoja mzee ndiye aliyeniokoa. Aliniambia niache kutazama, nisikilize. Mkono ukiwa na uzito unaofaa, kisu kinatoa sauti nyembamba isiyokatika, kama hariri inayochanwa taratibu. Ukiona unga mweupe na vichembe vinaruka pembeni mwa mstari, umekandamiza mno. Mstari mzuri ni ule ambao hata kuuona inabidi uinamishe kioo kwenye mwanga. Pitisha mara moja tu, ukingo hadi ukingo bila kuinua mkono, mafuta kidogo kwenye kigurudumu, halafu vunja palepale.

Sasa hilo bonde. Chora kwanza mstari wa mwisho, usiuvunje. Kisha kwenye sehemu ya kutupwa chora hilali ndogondogo, moja nyuma ya nyingine. Geuza kioo, ugonge polepole upande wa pili ukifuata ule mstari wa mwisho. Utaona uzi wa fedha, ndio ufa wenyewe, unatembea ndani ya kioo. (Hadi leo nikiuona huo uzi nashusha pumzi.) Usiuharakishe. Ukifika mwisho, ng'oa hilali kwa koleo, moja moja, ukianzia ya nje.

Lakini ukitaka maoni yangu ya dhati, badilisha mchoro. Mafundi waliotengeneza madirisha ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, katika karne ya 12 na ya 13, hawakuwa na vigurudumu. Walipasua kioo kwa chuma cha moto, kisha wakamegua kingo kidogokidogo hadi umbo litimie. Tazama inapopita risasi yao, yaani ile mistari ya madini ya risasi inayoshikanisha vipande vya kioo: ukingo wa vazi, shingo, kiwiko. Hawakukilazimisha kioo kipinde mahali kisipotaka, na bado mchoro unapendeza. Kwa hiyo kwenye jani lako, pale bonde linapoingia ndani kabisa, toa mstari hadi ukingo wa pili. Unapata vipande viwili rahisi kukata, na huo mstari unakuwa mshipa wa jani.

Ukihofia mshipa utakuwa mnene, zungushia kingo utepe wa shaba badala ya fremu za risasi. Ndiyo mbinu iliyowawezesha mafundi wa Louis Comfort Tiffany, Marekani, kuunganisha mamia ya vipande kwenye taa moja. Lehemu ya bati 60 kwa risasi 40 inatiririka vizuri juu ya utepe. Fungua madirisha ukiwa unalehemu, usile kwenye meza hiyo, nawa mikono. Kusaga kingo kufanyike na maji siku zote, kwa sababu vumbi la kioo likiwa kavu linaingia kifuani.

Kabla hujagusa tena kile kioo cha kijani, tafuta kioo cha kawaida cha dirisha cha milimita 3. Chora mistari iliyonyooka 50, uvunje yote, ukisikiliza ile sauti tu. Mikunjo ifuate baadaye.