Maswali ya Wasomaji: Darasa la Hesabu Ndani ya Simu

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Langoni, Lamu, na ninawafundisha kina mama wauzaji wadogo namna ya kuweka hesabu za biashara zao. Tulikuwa tukikutana jioni, lakini wenzetu wa Matondoni na Kipungani walitaabika na usafiri, hasa kusi inapovuma, basi nikalihamishia darasa kwenye WhatsApp, na sasa tuko watu 34. Nilirekodi somo la dakika 50 kuhusu faida na hasara, nikalitilia taarabu ya chini chini ili lisichoshe, nikaliweka YouTube na kuwatumia kiungo. Nilipata "shukrani mwalimu" nyingi na picha za maua, lakini nilipowapa hesabu moja ya faida, waliojibu sawasawa walikuwa wanne. Je, nilipie Zoom, nihamie Telegram, au nijifunze TikTok kama vijana?
Mwalimu wa Jioni, Langoni

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwalimu, na shikamoo. Nakuomba kwanza usilipe chochote. Chombo ulicho nacho kinatosha, na kina mama wako wamekwisha kukizoea, jambo ambalo ni nusu ya safari. Wewe unaishi karibu na mafundi wa majahazi wa Matondoni, na unajua kwamba fundi huulaza mkuku kwanza, ule mti mrefu wa chini ulio uti wa mgongo wa chombo, kisha mbao na mataruma, yaani mbavu zake, huufuata huo mkuku. Hakuna fundi aanzaye na tanga. Katika somo la mtandaoni mkuku ni lile jambo ambalo mwanafunzi atakuwa analiweza mwenyewe masomo yatakapokwisha. Liandike kwa sentensi moja kabla ya kugusa simu. Kwa darasa lako ningeandika hivi: "Kila mama aweze kuandika mauzo na matumizi ya siku yake katika daftari, na kutoa faida bila kusaidiwa." Ukiisoma sentensi hiyo utaona kwamba kuitazama video hakumo ndani yake, na kuandika kumo.

Video yako haikufeli kwa sababu kina mama ni wavivu. Mwaka 2014, Philip Guo na wenzake, Juho Kim na Rob Rubin, walichapisha uchunguzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, wakaona kwamba muda wa kati ambao mwanafunzi hudumu na video haupiti dakika 6, hata video yenyewe iwe ndefu kiasi gani. Kuhusu taarabu, najua uliitia kwa nia njema, lakini Roxana Moreno na Richard Mayer walionyesha mwaka 2000 kwamba muziki unaopigwa chini ya maelezo hupunguza kile ambacho mwanafunzi anakumbuka na kuelewa, kwa kuwa sikio moja haliwezi kuwahudumia mabwana wawili. Tena liko suala la bando. Video ya dakika 50 hula megabaiti 100 na zaidi kwa urahisi, ilhali ujumbe wa sauti wa dakika 3 haufikishi megabaiti moja. Mama aliyenunua bando la siku hataliteketeza lote kwa somo moja, na simlaumu.

Nami nimewahi kulikosea jambo hili. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, niliwatumia wanafunzi wangu wa Malindi faili moja lenye kurasa 60 za maelezo, nikajiona nimetimiza wajibu. Shule zilipofunguliwa tena Januari 2021, msichana mmoja, hodari kuliko wengi darasani, alinionyesha simu ya mamake yenye kioo kilichopasuka. Faili lile lilikuwa bado limo, halijafunguka hata siku moja, kwa sababu nafasi ya simu ilikuwa imejaa. Alikuwa ameona haya kuniambia. Tangu siku hiyo, kabla ya somo la kwanza huwauliza wanafunzi maswali matatu: simu ni ya nani, inarudi nyumbani saa ngapi, na inafungua nini. Kina mama wako wengi, nadhani, hutumia simu ya mume au ya kijana anayeshinda nje mchana kutwa. Basi kazi ya asubuhi isidaiwe jioni ile ile. Ipe walau usiku mzima na siku inayofuata.

Sasa tuliunde somo lenyewe. Jumatatu tuma ujumbe wa sauti wa dakika 3 na picha moja ya ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa mkono wako, herufi kubwa, mwanga wa kutosha. Chukua biashara wanayoijua. Tuseme mama ametumia unga wa shilingi 180, sukari ya 90, mafuta ya 150, hamira na iliki za 30, na makaa ya 50. Jumla ni shilingi 500. Amepika kaimati 160 za kuuza shilingi 5 moja, kwa hiyo anatarajia shilingi 800 na faida ya 300. Lakini 20 zimeliwa na watoto na jirani, akauza 140, akapata shilingi 700. Waulize: faida ni ngapi, na zile shilingi 100 zimekwenda wapi? Hapo ndipo wengi watakapokwama, kwa maana kaimati iliyoliwa nyumbani haionekani kuwa ni fedha. Usiwape jibu. Mwambie kila mmoja aandike ukurasa wa biashara yake mwenyewe ya siku moja, awe anauza mikeka, samosa au samaki wa kukaanga, aupige picha na kuutuma kabla ya Jumatano usiku. Asiyeweza kupiga picha aseme kwa sauti. Na mama mtu mzima anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwache aandike hivyo hivyo, kwa kuwa unachopima ni hesabu.

Alhamisi sikiliza na utazame kazi zote, kisha rekodi jibu moja la sauti kuhusu makosa mawili yaliyojitokeza zaidi, bila kumtaja aliyekosea. Mbali na hilo, mwandikie kila mmoja sentensi moja faraghani, ukimtaja kwa jina na kwa bidhaa yake. Ni kazi nzito kwa watu 34, nakiri, lakini nikiambiwa nichague kati ya kurekodi somo jipya na kujibu kazi za wanafunzi, nitajibu. Ijumaa waache wapumzike. Jumamosi uliza maswali matatu ya wiki zilizopita, madaftari yakiwa yamefungwa. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 jinsi tulichojifunza kinavyotoweka upesi kisiporudiwa, na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walibainisha mwaka 2006 kwamba, baada ya wiki moja, wanafunzi waliojaribu kukumbuka maandishi waliyoyasoma walibaki na mengi kuliko wale walioyasoma tena na tena. Jambo la kuangalia ni kwamba dakika 5 tu baada ya kusoma, waliorudia kusoma ndio walioonekana kufanya vizuri. Ndiyo maana "nimeelewa mwalimu" inayotumwa mara tu somo linapokwisha isikutulize.

Salamu na maua usiyapige marufuku. Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer walieleza mwaka 2000 kwamba darasa la mbali huhitaji mambo matatu: watu kujuana kama watu, fikra kufanya kazi, na mwalimu kuwapo. La kwanza unalo tele, na walimu wengi wangelitamani. Litenge tu. Fungua kundi la pili ambalo wasimamizi peke yao ndio wanaotuma, liwe la masomo na kazi, ili mama aliyepata simu saa nne usiku asipekue ujumbe mia mbili kuitafuta kazi moja. Kisha wagawe watano watano kwa mitaa, wa Shela kwa Shela na wa Kipungani kwa Kipungani, wakaguane madaftari ana kwa ana kabla hawajakutumia wewe.

Zoom ya bure hukupa dakika 40 kwa kikao, nazo zinatosha iwapo siku moja mtahitaji kuonana. Bali kama bahari imetulia, ningependelea mkutane ukumbini mara moja kwa mwezi. TikTok iache kwa sasa.

SWALI: Ninaendesha masomo ya ziada hapa Malindi kwa watoto wa Gredi ya 5 na ya 6. Je, naweza kuweka Facebook video zao wakisoma kwa sauti, ili wajivunie na wazazi wengine wavutiwe?
Mama Mwalimu, Malindi

JIBU: Usiziweke, dada yangu. Facebook yenyewe hairuhusu akaunti kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, kwa hiyo wengi wa watoto wako hawataweza hata kuona kinachosemwa juu yao. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na matumizi hayo yawe kwa maslahi ya mtoto mwenyewe. Kuvutia wateja ni maslahi yako. Kusoma kwa sauti na kujisikiliza ni zoezi zuri mno, liendeleze. Mrekodi mtoto mwanzoni mwa muhula na mwishoni, aya ile ile, umtumie mzazi wake peke yake rekodi zote mbili, kisha uzifute katika simu yako.