Maswali ya Wasomaji: Lori la Kilo Bilioni Moja

SWALI: Mimi ni fundi wa programu hapa Changamwe. Nimeandika kiendeshi cha Linux (programu inayoiwezesha Linux kuwasiliana na kifaa) kwa ajili ya kadi ya PCI, yaani kadi ya kupachikwa ndani ya kompyuta, inayopokea vipimo kutoka kwenye mizani ya malori ya makontena. Kwenye kompyuta ya Intel kiendeshi hicho hakikuwa na tatizo lolote, lakini nilipokihamishia kwenye bodi ndogo yenye kichakataji cha MIPS, lori la kilo 28,500 lilisomeka kuwa na kilo 1,416,560,640. Nikaongeza le32_to_cpu, amri inayogeuza mpangilio wa baiti pale kichakataji kinapohitaji, kila mahali ninaposoma kitu kutoka kwenye kadi. Sasa uzito ni sahihi, ila rejista ya hali ya kadi (nafasi ndogo ndani ya kadi inayoeleza hali yake), ambayo awali ilisomeka vizuri, imevurugika. Mwenzangu ananishauri nitumie #ifdef, agizo la kuchagua msimbo wakati wa kujenga programu, ili Intel iwe na njia yake na MIPS njia yake. Je, nifuate ushauri huo?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Ndugu msomaji, usiufuate. Mpangilio wa baiti katika data ile ni sifa ya kadi, na kadi haikubadilika ulipoichomoa kwenye kompyuta moja na kuipachika kwenye nyingine.

Tuianze hesabu yako. Namba 28,500 ikiandikwa kwa mfumo wa kumi na sita ni 6F54, na katika nafasi ya biti 32 huwa na baiti nne: 00, 00, 6F na 54. Kadi yako huziweka kwenye kumbukumbu kwa kuanza na ile ndogo, maana yake ile ya nafasi ya chini upande wa kulia, yaani 54, 6F, 00, 00. Intel nayo huanza na ndogo, hivyo haioni ajabu yoyote. MIPS ya bodi yako imesanidiwa kuanza na kubwa, kwa hiyo huzisoma baiti zilezile kuwa 546F0000, ambayo ndiyo bilioni moja na ushei uliyoiona. Ni kama Mwarabu anayetaja khamsa wa ishrini na Mswahili anayetaja ishirini na tano: mmoja ametanguliza mamoja na mwingine makumi, lakini idadi haikubadilika.

Sasa, kwa nini dawa iliyoponya uzito iliidhuru rejista? Kwa sababu data ya kadi inakufikia kwa njia mbili tofauti. Vipimo vya uzito, kwa kadiri ninavyoelewa maelezo yako, kadi huviandika yenyewe katika kumbukumbu kuu kwa njia ya DMA, yaani bila kupitia kichakataji, na hapo kerneli, kiini cha Linux, haigusi chochote. Baiti zinabaki jinsi kadi ilivyoziacha, na ni wajibu wako kuzigeuza kwa le32_to_cpu. Rejista ya hali, kwa upande mwingine, bila shaka unaisoma kwa readl, amri ya kerneli ya kusoma rejista za kifaa, na readl huchukulia kwamba kifaa kinatanguliza baiti ndogo, kama ilivyo desturi ya PCI, kisha hukukabidhi thamani iliyokwisha kupangwa kwa mpangilio wa kichakataji. Ukiongeza le32_to_cpu juu yake, unageuza kilichokwisha kugeuzwa. Kwenye Intel kosa hilo halionekani kamwe, kwa kuwa huko kugeuza hakuna kazi, na ndiyo maana viendeshi vingi huishi miaka mingi na kasoro hii bila mtu kuigundua.

Kwa hiyo ondoa le32_to_cpu kwenye kila readl, na uiache kwenye data ya DMA peke yake. Kisha, na hili nalisisitiza kuliko yote, katika muundo unaoeleza data hiyo usitangaze sehemu zake kuwa u32, namba ya kawaida ya biti 32. Zitangaze kuwa __le32, aina inayosema kwamba baiti ndogo inatangulia. Ukijenga kiendeshi kwa make C=1, chombo kiitwacho sparse kitakuonya kila unapochanganya thamani iliyogeuzwa na isiyogeuzwa, hata ukiwa kwenye Intel ambako jaribio la kawaida lisingekuonyesha kitu. Binafsi naamini onyo hilo lina faida kuliko bodi kumi za majaribio.

Mambo mawili madogo. Ikiwa umegawanya rejista kwa sehemu za biti ndani ya struct (muundo wa data) ya lugha ya C, achana na njia hiyo, kwa kuwa lugha yenyewe haisemi biti ipi itatangulia. Tumia vinyago (namba za kuchuja biti unazozitaka) na kusogeza biti. Na namba ya utambulisho ya kadi, ikiwa ni mfuatano wa herufi, usiigeuze kabisa, maana kila baiti hapo inajitegemea.

SWALI: Nasoma volteji kutoka kwenye mita ya umeme kwa Modbus, itifaki ya mawasiliano ya vifaa, na daima napata sifuri ilhali taa zinawaka. Kasoro ni nini?
Msomaji, Likoni

JIBU: Huenda umebadilishana rejista mbili. Modbus imeamua kwamba ndani ya rejista ya biti 16 baiti kubwa hutangulia, lakini haikuamua ni rejista ipi itangulie pale thamani ya biti 32 inapogawanywa, na watengenezaji wa mita hutofautiana. Namba ya desimali 240 kamili, ikiandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, huwa 4370 na 0000. Ukizipindua unapata namba ndogo mno ambayo skrini huionyesha kuwa sifuri. Chapisha rejista zote mbili zikiwa ghafi, uzisome mara kadhaa. Ile inayoanza na 43 kila mara, volteji ikiwa karibu na 240, ndiyo ya juu.