Barua kwa mwanangu: The Lost World tuiweke wapi?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Busia. Huku sote wazima, mvua imeanza na mpakani biashara inaendelea vizuri. Ujumbe wako nimeupata. Unasema wewe na wenzako hapo Kampala mlizipanga filamu zote za Steven Spielberg kuanzia bora hadi hafifu, na The Lost World ya mwaka 1997, ile ya dinosaria inayofuata Jurassic Park, mkaitupa mkiani pamoja na filamu zake nyingine mbili, 1941 na Hook. Halafu ukaniuliza: "Mama, wewe ungeiweka wapi, na kwa nini unaipenda hivyo?"

Ningeiweka katikati. Spielberg ameongoza filamu zaidi ya 30, na hii naipa nafasi ya 15 hivi. Siisogezi karibu na Jaws wala E.T., na wala sisemi inamfikia mkubwa wake, Jurassic Park ya mwaka 1993. Lakini kuiweka mwisho ni kuionea, na nadhani najua mlivyofika huko: mmeihukumu kwa dakika zake za mwisho.

Maana lawama zenu kuhusu San Diego, mji wa Marekani ambako T-Rex anapelekwa mwishoni, ni za haki. Sehemu ile iliongezwa muda mfupi tu kabla ya kazi ya kupiga picha kuanza, na mtazamaji anaihisi. Meli inaingia bandarini bila mtu wa kuiongoza, mkono wa nahodha bado umeng'ang'ania usukani, mabaharia wamekufa, na T-Rex yuko chini amefungiwa. Nani basi aliyewaua? Filamu haijibu. Jina la meli, Venture, limetoka kwenye King Kong ya mwaka 1933, na mpenzi wa sinema hufurahi kulitambua, lakini swali linabaki palepale. Na teke la Kelly, binti wa mhusika mkuu Malcolm, anapojizungusha kwenye bomba na kumrusha raptori, yule dinosaria mdogo mla nyama, nje ya dirisha, nalo ni dhaifu, ingawa tulishaambiwa mapema kwamba alikuwa akicheza jimnastiki na ameachwa kwenye timu ya shule.

Sasa rudi kisiwani, mwanangu. Rudi kwenye ile trela.

Sarah Harding, mpenzi wa Malcolm, na mwenzao Nick wamemleta ndani mtoto wa T-Rex aliyevunjika mguu ili wamfunge. Wazazi wake wanakuja, wote wawili, baba na mama, usiku, kwenye mvua. Wanarudishiwa mtoto wao na wanaondoka. Unadhani yamekwisha. Kisha wanarudi na kuisukuma trela mpaka nusu yake inaning'inia juu ya genge. Sarah anaanguka hadi kwenye kioo cha nyuma, na chini yake ni bahari. Kioo kinaanza kupasuka polepole, ufa mmoja baada ya mwingine, kila anapoweka kiganja chake. Hakuna anayepiga kelele pale. Unasikia mvua na kioo tu. Wakati huohuo Eddie, fundi wao, yuko juu peke yake, anafunga waya wa winchi, anaendesha gari kinyumenyume huku magurudumu yakiteleza kwenye matope, na anaendelea kuivuta trela hata baada ya kuwaona wale wanyama wakirudi. Anakufa akiwa bado anawashikilia wenzake wasianguke. Nani katika filamu ya kwanza anakufa hivyo? Yule mwanasheria anakufa akijificha chooni, na watu wanacheka. Eddie hachekwi na mtu.

Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video hapa mjini, kwa kanda, VJ akitafsiri kwa Kiganda. Unajua VJ wetu hawanyamazi: wanaeleza, wanaonya, wanamwita mhusika kwa jina la jirani. Kwenye kioo kile yule VJ alinyamaza mpaka Sarah alipovutwa. Mwongozaji anayeweza kumnyamazisha VJ wa Uganda kwa kioo kimoja hawezi kuwa alikuwa amelala kazini, hata kama wachambuzi waliandika hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wenzako huenda hawakulitazama, nalo ni mwanga. Jurassic Park ilipigwa na mpiga picha Dean Cundey, na ina jua, ina rangi za likizo. Mwaka huohuo Spielberg akatengeneza Schindler's List na mpiga picha Janusz Kamiński, filamu iliyompa Oscar yake ya kwanza ya uongozaji. Baada ya hapo hakuongoza filamu mpaka 1997, na aliporudi kwa dinosaria alirudi na Kamiński huyohuyo. Ndiyo sababu kisiwa cha pili ni cheusi, kina ukungu, na taa za tochi zinakata giza. Mwaka uliofuata wawili hao wakatoa Saving Private Ryan. Ukizitazama kwa mfuatano huo utaona kwamba The Lost World ni kazi ya mtu ambaye hawezi tena kupiga kifo kwa furaha. Watazamaji walitaka furaha ile ya 1993. Walikwenda kwa wingi kweli, dola milioni 72 kwa siku tatu za kwanza Marekani, rekodi iliyodumu hadi Harry Potter ya 2001, na wengi wakatoka wakinung'unika kwamba picha ina giza. Mimi giza hilo ndilo naliheshimu.

Halafu kuna Roland Tembo. Mwindaji huyu, aliyechezwa na Pete Postlethwaite, hataki malipo. Anataka ruhusa moja tu, kumuwinda T-Rex dume. Kulikuwa hata na tukio lake la utangulizi lililowekwa kwenye baa ya Mombasa, likakatwa kabla filamu haijatoka. Nasikitika walilikata, kwa sababu lilionyesha anakotoka mtu wa aina ile. Sisi tunamjua. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipita Uganda kwenye safari yake ya 1909 na 1910, akapiga kambi ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, katika eneo ambalo leo ni West Nile yetu, akaua vifaru weupe kwa ajili ya makumbusho. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakubaki kifaru hata mmoja wa porini nchini Uganda, na ilibidi tuanze upya na hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa kule Nakasongola mwaka 2005. Kwa hiyo magari yanapowakimbiza dinosaria kwenye uwanda, watu wakiwa na kamba na vyuma vya kunasia, tukio linalofanana sana na filamu ya Hatari! ya mwaka 1962 iliyopigwa Tanganyika, mimi sioni ndoto. Naona biashara iliyowahi kufanyika kwenye nchi yetu. Mtazamaji wa Marekani aliona mchezo wa magari.

Na angalia anavyomalizwa Roland. Anampata dume wake, kwa sindano za usingizi kwa sababu Nick alimwibia risasi. Ameshinda. Bosi anamsifu na kumpa kazi kwenye bustani mpya ya wanyama, naye anakataa, kwa sababu rafiki yake Ajay amekufa kwenye majani marefu na yeye ameshiba kuishi karibu na kifo. Hamjapata mwindaji mwingine wa Spielberg mwenye mwisho kama huo. Quint, mwindaji wa papa kwenye Jaws, anamezwa. Roland anaachwa hai, na lazima ayabebe aliyoyafanya.

Yale majani marefu nayo! Ajay anapiga kelele watu wasiingie, hawasikii. Kamera iko juu, unaona mistari ikijichora kwenye nyasi kutoka pande zote, mtu mmoja anazama, mwingine anazama. Yeyote aliyetembea kwenye matete yanayompita kimo, kama sisi tuliokulia vijijini, anajua kwamba pale ndani husikii ulipo na huoni unachokanyaga. Tukio hilo halihitaji kuelezwa kwetu.

Ila sababu yangu kubwa ni ya mzazi, na nitakuambia bila kuificha. Malcolm anakwenda kisiwani kumtoa mpenzi wake, na binti yake, aliyechoka kuachwa kwa watu, anajificha ndani ya trela ili awe naye. Tayari Kelly alikwisha kumwambia baba yake kwamba yeye, baba, anapenda kuwa na watoto lakini hapendi kukaa nao. Spielberg mwenyewe ni mtoto wa wazazi waliotengana, na jeraha hilo lipo kwenye kazi zake nyingi: kwenye Close Encounters ya 1977 baba anapanda chombo cha angani na kuiacha familia yake, na kwenye E.T. ya 1982 baba hayupo kabisa. The Lost World inafanya kinyume. Inawaweka wazazi wawili wa T-Rex wanaokwenda popote alipo mtoto wao, na karibu nao inamweka mwanadamu anayejifunza kufanya hivyo akiwa amechelewa. Hata ule mwisho wa San Diego ninaoulaumu una jambo hili ndani yake: mji mzima unavunjwa kwa sababu mtoto amechukuliwa, na unatulia pale mtoto anaporudishwa kwa mzazi. Nilikulea hapa mpakani mchana nikiwa sokoni na jioni nikikukagua daftari, na kuna siku nilikuacha kwa majirani zaidi ya nilivyopenda. Nikiitazama filamu hiyo namwona Kelly kabla ya kumwona mnyama yeyote.

Kwa hiyo nafasi yangu ni hii. Spielberg ameongoza filamu nne za mwendelezo: Temple of Doom ya 1984, The Last Crusade ya 1989, The Lost World, na Kingdom of the Crystal Skull ya 2008; zote isipokuwa The Lost World ni za Indiana Jones. Ya kwanza kwangu ni The Last Crusade, na unajua kwa nini, baba na mwana tena. Ya pili ni hii. Crystal Skull iko chini yake kwa mbali, na Hook pia, ingawa ina mada ileile ya baba asiyekuwepo, maana Hook inalieleza kwa maneno mengi jambo ambalo mvua na kioo vinalionyesha. Juu yake nawaachia Munich, Lincoln, Empire of the Sun na zile kubwa ambazo hatubishanii.

Temple of Doom najua utaitetea, na una hoja, yale magari ya mgodini ni kazi safi. Mimi siwezi kupita ile karamu ya chakula kwenye jumba la kifalme, jinsi inavyowadharau watu wa India. Niandikie unavyoliona hilo. Lakini kwanza itazame tena The Lost World, usiku, sauti ikiwa juu, na uniambie kama bado unamweka Eddie kwenye filamu ya mwisho.

Wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako