Mieleka ya WWE ukumbini: kiti cha kuchagua na mambo ya kuangalia

Kabla ya kulipia tiketi, jua unaenda kwenye onyesho gani la WWE, kampuni ya Marekani ya mieleka ya burudani. Kuna yanayorushwa kwenye televisheni au mtandaoni, kama Raw, SmackDown na yale makubwa ya ubingwa, na kuna ya ziara yasiyo na kamera. Ya ziara bei yake huwa nafuu na wanamieleka hutaniana sana na watu, ila usitegemee mkanda wa ubingwa uhame. Imewahi kutokea: tarehe 26 Novemba 1994, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mwanamieleka Diesel alimvua Bob Backlund ubingwa kwa sekunde 8 tu. Hiyo ni nadra.

Kwenye kiti ndiko wengi wanakopoteza pesa. Viti vya sakafuni vinavutia kwenye ramani, lakini ukitoa safu mbili tatu za mwanzo, huko nyuma ni tambarare. Wa mbele akisimama na bango, nawe usimame. Mwisho wa yote unaangalia skrini, kitu ambacho ungekifanya nyumbani bure. Chukua jukwaa la chini lenye ngazi, upande wa kamera kuu. Wanamieleka wamezoea kuigeuzia kamera hiyo nyuso zao, kwa hiyo aliyekaa ng'ambo anaona migongo. Kwa kawaida ni ule upande ambao, ukitazama ulingo, njia ya kuingilia iko kushoto kwako.

Ukumbini sauti za watangazaji hazisikiki. Kama hujui nani kamsaliti nani, pita kwenye habari za mwezi mzima kabla hujatoka, la sivyo utashangaa kwa nini watu wanamzomea mtu ambaye hajafanya kitu.

Ndiyo, mshindi amepangwa. Kampuni yenyewe ilikiri hivyo huko New Jersey mwaka 1989, ilipotaka iondolewe chini ya usimamizi wa tume ya michezo. Utamu uko kwenye namna wanavyofika huko. Kanuni moja itakusaidia sana: kwa kawaida ubingwa hauhami bingwa akihesabiwa hadi kumi nje ya ulingo au akitolewa kwa rafu. Ndiyo maana adui mwenye mkanda akizidiwa hubeba mkanda wake na kuondoka zake, au huokota kiti makusudi. Stelingi ameshinda pambano, mkanda kaukosa, na ugomvi umepata mwezi mwingine wa kuuza tiketi.

Mwangalie pia mwamuzi. Ana kifaa sikioni na anawapa wapiganaji ujumbe, hasa muda uliobaki. Wanapokabana shingo chini kwa muda mrefu, wanapumzika, wanapanga kinachofuata, au televisheni iko kwenye matangazo ya biashara. Mwamuzi akipishanisha mikono juu kama herufi X, uwezekano mkubwa mtu ameumia kweli.

Maana maumivu yapo. Chini ya turubai kuna sponji nyembamba, kisha mbao na vyuma. Anayeanguka hubana kidevu kifuani, hutua kwa mgongo wa juu na kupiga mikono chini ili kishindo kisambae. Kidevu kikiachia, kisogo ndicho kinachogonga. Ukienda na watoto, waeleze hili kabla hawajaanza kurushana kwenye godoro, na wabebee vizibo vya masikio kwa ajili ya fataki.

Kipindi kikiisha kurushwa hewani, usikimbilie mlango. Wakati mwingine adui akimaliza kipindi kwa ushindi, stelingi hurudi kumtandika kwa ajili ya waliomo ukumbini peke yao. Panga usafiri wako kwa kuongeza nusu saa.