Pikipiki nyepesi ya kupanda Amani na Lushoto: tairi na spoketi kwanza, injini iache

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juujuu. Unakaa Tanga mjini, urefu wako futi tano na nusu, unataka pikipiki ya kupandia milima ya Amani na Lushoto mwisho wa wiki na siku nyingine kushukia Pangani. Umebaki njia panda: ununue Honda XR150L mpya, utafute ya cc 250 iliyotumika, au uifunge tairi zenye meno hiyo Boxer uliyonayo. Njia hizo nimezizunguka miaka kumi na miwili. Mwanzo ilikuwa kazi, nilikuwa afisa ugani na ofisi ilinikabidhi Yamaha DT125. Baadaye nikaendelea kwa mapenzi yangu, kwa pikipiki zangu mwenyewe.

Ukitaka jibu la haraka: achana na 250. Chukua XR150L, au ukibahatika kupata Yamaha XTZ125 au Honda XL125 nzima, chukua hiyo. Boxer ibaki ya mjini.

Niseme kwa nini nina msimamo mkali juu ya 250. Mwaka wangu wa tatu nilipata hela kidogo nikanunua moja iliyotumika, karibu kilo 145, kiti milimita 875 kutoka chini. Kwenye lami ya Muheza kwenda Segera ilikuwa raha tupu. Aprili, masika yamekolea, nikaipandisha kule Amani, juu ya Kwamkoro baada ya mashamba ya chai. Pale njia imeinama upande, udongo mwekundu, na juu yake kuna majani yaliyooza. Gurudumu la nyuma likateleza taratibu kabisa, nikashusha mguu wa upande wa bondeni, na chini hapakuwapo. Hilo ndilo watu wasiloambiwa dukani. Kiti unachokipima ukiwa umesimama kwenye sakafu si kiti utakachokuwa nacho kwenye mteremko, kwa sababu upande wa bondeni ardhi iko mbali zaidi kwa shubiri nzima. Ikalala, magurudumu yakielekea juu ya mlima na usukani chini. Nikajaribu kuinua mara tatu. Mara ya nne mikono ilikuwa inatetemeka hata klachi siwezi kuibana. Nikakaa pembeni mpaka walipopita akina mama wawili wachuma chai na kijana mmoja. Mama mmoja akaniambia, "Pole baba, kwanza pumzika, chombo hakikimbii." Tukaiinua wanne. Nawashukuru mpaka leo. Mwezi wa sita nikaiuza.

Kwa hiyo ukienda kuangalia pikipiki, fanya jaribio hili kabla ya kuuliza bei: iombe ilazwe chini kwenye nyasi, iinue peke yako, uilaze tena, uinue tena, mara tatu mfululizo. Muuzaji akikataa, mwambie utailaza juu ya gunia. Ukishindwa mara ya tatu ukiwa na nguvu zako za asubuhi, saa tisa alasiri ndani ya tope hutaiweza. XR150L ina karibu kilo 130 na kiti milimita 825, na kwa urefu wako vidole na nyayo zitagusa vizuri. XTZ125 ni nyepesi zaidi, ila kiti chake kiko juu kidogo.

Jambo la pili ni gurudumu la mbele. Boxer ina rimu za inchi 17 mbele na nyuma. XR150L ina 19 mbele na 17 nyuma. XTZ125, DT125 na XL125 zina 21 mbele na 18 nyuma. Gurudumu kubwa linakutana na jiwe kwa pembe ya kulala, linapanda. Dogo linagonga jiwe kama linagonga ukuta, na usukani unakupokonya mikononi. Kwenye barabara za ndani za mashamba ya mkonge pale Ngomeni, Boxer yako itakwenda bila wasiwasi kiangazi chote. Lakini kule upande wa Lushoto, njia ya mawe ya kupanda Mtae, au makorongo ya Bumbuli baada ya mvua za vuli, tairi zenye meno hazitaifidia rimu ndogo wala shokapu fupi. Nimewaona vijana wanaopita huko kila siku na Boxer, na ninawaheshimu sana, ila wao wanapita kwa sababu ya riziki. Wewe una nafasi ya kuchagua.

Kuhusu zilizotumika: DT125 na XL125 nyingi mkoani kwetu zilikuwa za miradi na ofisi, kisha zikauzwa kwa mnada. Ukikuta ilikuwa na namba za DFP (za miradi ya wafadhili) au za serikali, hakikisha imeshasajiliwa upya kwa namba za binafsi, na namba za injini na za fremu uzisome mwenyewe kwa tochi ukilinganisha na kadi ya usajili. Usikubali picha ya kadi kwenye simu. DT ni ya stroku mbili, yaani inachoma oili pamoja na petroli, na inachanganya oili yenyewe kutoka kwenye tangi dogo la pembeni. Pampu ya oili hiyo ikichoka, pistoni inakwama bila kukuaga. Na kuna kitu nilijifunza nikishuka kutoka Amani: ukiachia kabisa kishikio cha mafuta kwenye mteremko mrefu, injini ya stroku mbili inazunguka kasi huku inapata oili kidogo sana, na kushuka na gia hakukusaidii kama kwenye stroku nne. Breki za dramu zinapata moto, leva inaanza kuingia mpaka kwenye usukani. Dawa yake ni kupiga mafuta kidogo kila baada ya kona, na kusimama kupoza breki kabla hazijakufa. Kwa mtu anayeanza, stroku nne ina amani zaidi.

Sasa tufike kwenye marekebisho, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Mafundi wengi watakushawishi uanze na ekzosti ya kelele na kabureta kubwa. Usifanye. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta ikifika pale imeshapoteza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu hewa ni nyepesi. Ekzosti ya kelele hairudishi nguvu hiyo. Inakuondolea mvuto wa chini unaouhitaji kupanda polepole, na inawafukuza mbega na wanakijiji kwa pamoja. Kinachorudisha mvuto ni spoketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni mbele na nyuma.

Hesabu yake ni hii. Chukua meno ya spoketi ya nyuma, gawanya kwa ya mbele. Ikiwa nyuma ni 45 na mbele 15, unapata 3. Ukiondoa jino moja tu mbele, ikawa 14, unapata 3.21. Ni sawa na kuongeza meno matatu nyuma, na ile ndogo ya mbele ni rahisi zaidi mfukoni. Nilipoibadilisha yangu kwa mara ya kwanza, kona moja ya kupandia Kwamkoro niliyokuwa naipita gia ya kwanza huku nachezea klachi mpaka inanuka, nikaipita gia ya kwanza klachi imeachiwa kabisa, kasi ya mtu anayetembea. Utapoteza kasi ya lami, kweli, na cheni italika mapema kidogo kwa sababu inajikunja zaidi mbele. Usishuke zaidi ya jino moja bila kuangalia kama cheni inasugua mkono wa nyuma wa fremu.

Tairi zije kabla hata ya spoketi ikiwa hela ni ya kitu kimoja. Zile zinazokuja na pikipiki mpya ni za nusu lami, na kwenye udongo mwekundu uliolowa zinajaa tope zinakuwa kama kipara ndani ya mita hamsini. Unataka meno yaliyoachana, ili tope litoke lenyewe gurudumu likizunguka. Za inchi 21 na 18 zinapatikana kirahisi kuliko za inchi 19, na hii ndiyo kasoro kubwa ya XR150L kwa matumizi yetu. Ukikosa ya mbele, usikae kusubiri. Weka ya nyuma kwanza.

Upepo: mimi barabarani natembea na psi 25 mpaka 28, nikifika geti la Sigi, la kuingilia hifadhi ya Amani, nashusha hadi 16. Kwenye mchanga wa Ushongo, kule Pangani, nashuka kidogo zaidi. Hapo ndipo tyubu inapoanza kuhama ndani ya rimu na kukata valvu yake. Mzee mmoja fundi baiskeli pale Muheza alinionyesha kitu ambacho sijakiacha: ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu, ipandishe juu ibane kifuniko cha valvu. Valvu ikianza kulala upande unaiona kwa macho, unatoa upepo, unairudisha, safari inaendelea. Ukiwa umeikaza kwenye rimu, huoni chochote mpaka ikatike. Beba tyubu moja tu ya akiba, ya mbele. Ya inchi 21 inaingia nyuma kwa dharura na itakufikisha nyumbani ukienda taratibu.

Baada ya hapo ni ulinzi, na huu wote unafanyika kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani. Bamba la chuma la milimita 3 chini ya injini, lenye tundu la kutolea oili na matundu mengine ya kutoa tope. Katikati ya bamba na fremu weka vipande vya tairi chakavu, vinginevyo kila kokoto italia kama debe. Achomelee bamba likiwa limetolewa. Ikiwa ni lazima achomelee kwenye fremu, betri ichomolewe waya kwanza. Bamba langu la kwanza halikuwa na matundu, tope likakauka likaziba hewa, injini ikawa inapata moto kwenye kila mwinuko, na nilichelewa sana kugundua sababu.

Leva za klachi na breki: fungua kishikio chake, zungushia usukani tepe nyeupe ya mafundi bomba mara mbili tatu, kisha kaza kiasi tu. Ikianguka, leva inazunguka badala ya kuvunjika. Tepe haifiki bei ya chai, na tangu niiweke sijavunja leva hata moja.

Shokapu za mbele za pikipiki hizi ni laini. Kama una kilo sabini na zaidi, mwambie fundi aweke oili nzito kidogo kuliko iliyomo, na akate vipande viwili sawasawa vya bomba la plastiki la maji, sentimita 2 kila kimoja, vikae juu ya springi. Tofauti utaiona kwenye shimo la kwanza, mbele hapazami tena mpaka kugonga.

Kichujio cha hewa usikitoboe wala kukiondoa. Vumbi la barabara za mkonge ni laini kama unga wa sembe na linakula ringi za pistoni. Cha sponji kioshe kwa mafuta ya taa, halafu sabuni, kikaushe kivulini, kipakwe oili, kikamuliwe.

Mto Sigi nao una habari yake. Mirija ya kupumulia ya kabureta inaning'inia chini, na maji yakiifunika mirija hiyo, injini inazima katikati ya mto hata kama maji hayajafika kwenye kichujio. Kata mrija mmoja katikati, weka kiungio chenye umbo la T, tawi moja lipande juu chini ya tangi. Basi. Lakini ikitokea imezama na kuvuta maji, usipige kiki wala selfu hata kidogo! Maji hayabanwi, utakunja mkono wa pistoni. Itoe nje, fungua plagi, geuza ufunguo wa moto uzime, kisha piga kiki taratibu mpaka maji yaache kuruka kwenye tundu la plagi. Mwaga bakuli la kabureta, kamua kichujio, futa plagi. Angalia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na itabidi umwage kabla ya kwenda mbali.

Kwa safari yako ya kwanza usianze na Mtae. Toka Muheza asubuhi, pita Longuza chini ya misaji, nenda mpaka Sigi, lipa kiingilio cha hifadhi na uwaulize walinzi njia zipi zimeruhusiwa kwa pikipiki, maana nyingine ni za watembea kwa miguu tu. Ukikutana na mtu amejitwika kuni, simama kabisa na umsalimie, apite yeye kwanza. Panda mpaka Amani, kunywa chai, kagua boliti za bamba na za spoketi ya nyuma kwa mkono wako, kisha anza kushuka kabla ya saa nane. Siku za masika mvua ya kule juu inapenda kuanza alasiri, na ile kona ya Kwamkoro ikilowa sitaki uikute ukiwa umechoka.