Nilikula hela ya jumuiya, jumuiya ikaja kunitafuta

Mleta mada, umeuliza kama mtu aliyeharibu arudi kwenye jumuiya yake au ahamie kanisa kubwa ambako hakuna anayemjua. Wengi wamekujibu "omba, Mungu anasamehe". Sawa, lakini nadhani hilo hulitilii shaka. Shida yako ni utawatazamaje watu usoni. Hapo nina la kusema, maana yamenikuta.

Nilikuwa mhazini wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki, yaani majirani wanaosali pamoja. Kaya 14, tunasali nyumba kwa nyumba kila wiki. Madeni yalinibana, mfuko wa jumuiya uko kabatini kwangu, nikajiambia nachukua kidogo, mwisho wa mwezi narudisha. Mwisho wa mwezi nikachukua tena. Kisha mwenzetu mmoja akafiwa, zikatakiwa hela za rambirambi, nikazima simu. Watu wakachanga upya usiku ule ule, mimi nimejilaza na nguo zangu natazama dari.

Nikafanya hicho unachotaka kufanya wewe. Kwa miezi minane nilisali kwenye kanisa kubwa, nakaa nyuma, natoka kabla ya matangazo. Palinifaa kwa sababu hakuna aliyenijua, na kwa sababu hiyo hiyo sikupona. Padre akihubiri huruma ya Mungu, nilimsikia kama anatangaza dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Jioni moja wakaja nyumbani kina mama wawili na mzee mmoja. Nilitegemea kesi. Mama mwenyekiti akaomba maji, akanywa, akasema, "Baba, zamu ya kusali hapa kwako imekupita mara mbili. Wiki ijayo tuje saa ngapi?" Hela hawakuitaja. Nilitamani waitaje, ningejua pa kuanzia.

Wakaja. Sisi tunasoma Neno kwa hatua saba, ule utaratibu uliotoka Lumko, Afrika Kusini. Hatua ya tatu, somo likishasomwa, kila mtu huchagua neno au kifungu kifupi akakitamka polepole, bila maelezo. Somo lilikuwa Luka 19, Zakayo, yule mtoza ushuru aliyepanda mtini ili amwone Yesu. (Mpaka leo sijauliza kama walilichagua makusudi. Nadhani ndiyo.) Yule mzee akatamka, "Leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Akanyamaza. Akarudia. Akarudia tena, amekaa kwenye kochi langu.

Habari ya Zakayo naijua tangu utoto, ila mpangilio wake sikuwahi kuuona. Yesu anajialika kwanza. Zakayo bado yuko mtini, hajaungama chochote, hajarudisha hata senti. Ahadi ya kulipa inakuja mgeni akishapokelewa. Mimi nilikuwa nimeigeuza: nilipe kwanza, ndipo nistahili mgeni. Na kwa kuwa sikuwa na cha kulipa, nilikaa mtini miezi minane.

Sasa usinielewe vibaya, deni halikufutika. Torati, Hesabu 5:7, ilimtaka anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo akajitwisha mara nne, kipimo cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22. Hiyo mara nne mimi nisingeiweza. Tulipofika hatua ya kushirikishana nikasema yote. Kijana mmoja, mtoto wa wale waliofiwa, akainuka akatoka nje. Mke wangu naye alikuwa hajui hata nusu, akayasikia pale pale pamoja na wageni. Hilo lilikuwa kosa la pili, na kulimaliza kulichukua muda kuliko la kwanza.

Nililipa kidogo kidogo kwa miezi 19. Uhazini sikurudishiwa. Wapo waliosema kama tumemsamehe kweli basi tumrudishie, mama mwenyekiti akakata: "Tunampenda. Ufunguo ashike mwingine." Siku ile iliniuma, leo naona alinihurumia.

Yule kijana hakunisalimia karibu mwaka mzima, na watu wakaanza kumsema yeye kwamba ana roho ngumu. Nilikataa. Ule mfano wa Mathayo 18, wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 akamkaba mwenzake kwa dinari 100, tunapenda kuusoma kama vile dinari 100 ni vijisenti. Lakini katika Mathayo 20 dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Mia ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema deni la mwenzako ni dogo. Kijana alikuwa ananidai kitu kizito, na haikuwa kazi yangu kumpangia lini asamehe.

Wachangiaji waliosema jumuiya nyingine zimegeuka ofisi za michango na vijiwe vya kusengenyana hawajakosea. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1973, na tena 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi na kujuana. Kuna mahali limebaki daftari tu. Kwa hiyo usiropoke mbele ya wote kama mimi. Anza na wa nyumbani kwako, kisha mtu mmoja mwenye kifua, na kitubio kwa padre. Kama umedhulumiwa wewe, au mtu alikupiga, usikubali kusukumwa ukapatane naye haraka ili kikao kiishe vizuri. Na kama usiku hulali au unawaza kujidhuru, nenda kwa daktari, usisubiri siku ya jumuiya.

Mwaka wa pili zamu ya kusali ikafika nyumbani kwa yule kijana. Alipita kwangu mwenyewe, akasimama mlangoni, hakuingia. "Tunaanza saa kumi na moja," akasema, akaondoka. Saa kumi na nusu nilishafika.